Masharti ya Kukodi Tela: Yapi Tuyatii, Yapi Tuyajadili, Yapi Tuyakatae

Mada iliyowasilishwa na Afisa Sheria wa Halmashauri mbele ya wakulima, wachimbaji wadogo na wamiliki wa matrekta

Nimeombwa nizungumze juu ya masharti ambayo makampuni na watu binafsi huwawekea wananchi wanaokodi matela ya kuvutwa, yawe ya trekta, ya powatila au ya pikapu. Kwa anayekaa mbali na sisi jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwa mkulima wa Ushetu ambaye mpunga wake uko shambani na mawingu yamekwisha kutanda, au kwa mchimbaji wa Lwamgasa ambaye mawe yake yamelala kando ya duara yakisubiri kufikishwa kwenye karasha, tela ndilo linaloamua kama jasho la msimu mzima litageuka fedha au hasara.

Ni wachache miongoni mwetu wenye uwezo wa kununua tela, kwa hiyo tunakodi. Na tukienda kukodi tunakutana na karatasi yenye masharti, au mara nyingi zaidi tunayasikia kwa mdomo tu: usibebe mawe, usivuke mpaka wa wilaya, usiendeshe usiku, lazima dereva awe wetu, acha hati ya kiwanja, ukichelewa utalipa mara mbili. Wengine huyakubali yote bila kuuliza kwa sababu wana haraka. Wengine huyakubali kwa mdomo huku moyoni wakiwa wamekwisha kuamua kuyavunja. Njia zote mbili zina madhara. Ya kwanza humwachia mwananchi mzigo usio wake, na ya pili humtwika kosa ambalo sheria haitamsamehe.

Ninachopendekeza leo ni kwamba tuyagawe masharti haya katika mafungu matatu. Lipo fungu ambalo chanzo chake ni sheria ya nchi. Hilo tulitii, kwa kuwa hata mwenye tela hana uwezo wa kuliondoa. Lipo fungu linalolinda mali ya mwenye tela. Hilo tulijadili, kwa kuwa hofu ya mtu huondolewa kwa maelezo na kwa bei. Na lipo fungu linalohamisha makosa ya mwenye tela na kuyaweka mabegani mwa mkodi. Hilo tulikatae kwa heshima, tukijua sheria inasema nini.

Fungu la kwanza: masharti ya sheria

Tuanze na uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inataka magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 yapimwe kwenye mizani, na inaweka kikomo cha uzito kwa kila ekseli. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Zile za vijijini na mijini, ambako matela yetu mengi hupita, zinasimamiwa na TARURA. Barabara ya changarawe inayokwenda machimboni haina mizani, lakini kukosa mizani hakuifanyi iwe imara zaidi. Kalvati likivunjika kwa uzito wa tela moja, kijiji kizima hukosa njia ya kumpeleka mama mjamzito kituo cha afya.

Mwenye tela anaposema “tani tano, basi,” asionekane bahili. Tufanye hesabu kidogo. Chukueni tela lenye bodi ya urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha nusu mita. Nafasi yake ni mita za ujazo 4. Likijazwa mpunga usio kwenye magunia, ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hivi, mzigo ni kama tani 2.4, na tela halina neno. Likijazwa mawe yaliyopasuliwa, ambayo mita moja ya ujazo hufikia kilo 1,600 hivi, mzigo ni tani 6.4. Likijazwa mchanga mbichi, wenye kilo 1,900 hivi kwa mita ya ujazo, mzigo ni tani 7.6. Tela ni lile lile na limejaa kiasi kile kile kwa macho, lakini kwa tela la tani 5 mpunga ni nusu ya uwezo wake, na mchanga umeuzidi uwezo huo kwa zaidi ya tani mbili na nusu. Hapa ndipo ekseli zinapopinda na matairi yanapopasuka, na ndipo lawama zinapoanza.

Magunia nayo yana hesabu yake. Gunia halali la mazao halizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka mingi. Magunia 50 ya kilo 100 ni tani 5 kamili. Yakishonewa lumbesa na kufika kilo 120, magunia hayo hayo 50 ni tani 6. Lumbesa inamnyonya mkulima kwenye bei, kisha inamwadhibu mara ya pili kwenye tela.

Sharti la pili la kisheria ni usajili, leseni na bima. Tela la barabarani liwe na usajili wake, na anayelivuta awe na leseni ya daraja linaloendana na chombo anachoendesha. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe na bima inayowalinda watu wengine. Jambo moja lieleweke vizuri hapa: bima ya mtu wa tatu inamlinda mtu mwingine utakayemdhuru. Hailipi tela lenyewe likipinduka. Unapoambiwa “tela lina bima,” uliza ni bima gani, inaisha lini, na kama inaendelea kufanya kazi tela likiwa limeunganishwa na trekta lako badala ya la mwenye tela. Mwombe akuonyeshe stika yake, nawe uihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, kwa simu yako kabla ya kulipa.

Sharti la tatu linahusu watu. Tela la mizigo si chombo cha abiria. Tunajua desturi yetu: mavuno yakishapakiwa, vijana wa kupakua hukaa juu ya magunia, na akina mama wanaorudi kutoka shambani huomba lifti, nasi huona aibu kuwakatalia. Lakini tela halina mkanda wala paa, na kwenye tuta au shimo aliyeketi juu hutangulia kuanguka, na gurudumu humfuata. Mwenye tela akikukataza kupakia watu, kubali sharti hilo hata kama halikuandikwa. Wapakuaji wasafirishwe kwa chombo kingine, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya gharama za mavuno.

Sharti la nne linawahusu zaidi ndugu wachimbaji. Wenye matela wengi hukataa mawe ya dhahabu, na sababu si uzito peke yake. Mawe yenye dhahabu hayahamishwi kutoka eneo moja kwenda jingine bila idhini ya ofisi ya Tume ya Madini, na chombo kinachokamatwa na mzigo usio na vibali huingia kwenye matatizo pamoja na mzigo wenyewe. Mwenye tela hajui kama mawe yako yana kibali. Mwonyeshe. Ambatisha nakala ya leseni ya uchimbaji na ya kibali cha kusafirisha kwenye mkataba wenu, na mara nyingi utaona hofu yake ikipungua.

Hapo hapo niseme neno juu ya marudio. Marudio yaliyotoka kwenye mialo yana zebaki, na yale yaliyopita kwenye mitambo ya kuchenjulia huweza kuwa na mabaki ya sianidi. Tela lililobeba marudio Jumatatu lisibebe mpunga Jumatano. Zebaki haionekani ndani ya ufa wa ubao, nayo haiondoki kwa kufagiwa. Mkulima ana haki ya kuuliza tela hili lilibeba nini mara ya mwisho, na mwenye tela ana wajibu wa kumjibu kweli. Ushauri wetu kwa wamiliki ni kutenga matela ya machimboni na ya chakula, na kuyapaka rangi tofauti ili hata asiyejua kusoma aweze kuyatambua.

Fungu la pili: masharti yanayojadilika

Sasa tuyaangalie masharti ambayo mwenye tela ameyaweka kwa hofu yake mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Tela ni mali ya fedha nyingi, halina injini ya kuligundua lilipo, na likishafika kijiji cha mbali mwenyewe haoni linalotendeka. Anayejua kilicho nyuma ya sharti ndiye anayeweza kulijadili. Nitayataja matano yanayosumbua zaidi.

La kwanza ni “usivuke mpaka wa wilaya.” Mkulima aliye Mbogwe anayeuza mpunga Kahama, au mchimbaji wa Nyang’hwale anayepeleka mawe Kakola, hukwama hapa. Mwenye tela anaogopa mambo mawili: tela kuharibika mahali ambapo fundi wake hafiki, na tela kutoweka. Hofu ya kwanza mwondolee kwa kueleza njia utakayopita kwa majina ya vijiji, umbali wake, na nani atagharamia fundi. Hofu ya pili mwondolee kwa barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji chako na kwa kukubali kupiga simu kila jioni. Kisha muombe aandike: “Tela linaruhusiwa kufika mahali fulani kwa njia fulani.” Akikataa, ukubali kukataliwa. Usivuke kwa siri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba anayetumia mali aliyokabidhiwa kinyume na masharti ya makabidhiano hubeba hasara yoyote itakayotokea wakati wa matumizi hayo, hata kama hakuwa mzembe. Kwa maneno mengine, ukivuka mpaka uliokatazwa na dereva mlevi wa lori akaligonga tela huko, mwenye tela anaweza kukudai wewe.

La pili ni “lazima dereva awe wetu” au “lazima livutwe na trekta letu.” Hapa mwenye tela analinda kiungo na breki. Trekta la farasi 50 lina uzito wa tani mbili na ushee tu. Likivuta tani sita kwenye mteremko, tela lisilo na breki ndilo linaloliendesha trekta, na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Kwa pikapu mambo ni magumu zaidi. Kitabu cha gari cha pikapu nyingi za kazi hutaja kilo 750 kuwa kikomo cha tela lisilo na breki, na kilo 2,500 hadi 3,500 kwa tela lenye breki zake. Mkodi anayefika na pikapu kuomba tela la tani 3 lisilo na breki anakataliwa kwa haki. Lakini ukifika na kitabu cha gari, leseni ya dereva, na chombo chenye kiungo kinacholingana na pini ya tela, unaweza kuomba mfanye jaribio la kilomita moja mbele ya fundi wake. Ikiwa bado anasisitiza dereva wake, basi iandikwe kwamba makosa ya dereva huyo ni ya mwenye tela. Haiwezekani mtu akuchagulie dereva kisha akudai kwa kosa la dereva huyo.

La tatu ni “usibebe mawe wala mchanga.” Nimekwisha kueleza hesabu ya uzito, nayo ndiyo silaha yenu katika mazungumzo. Kwa tela lile la mfano la tani 5, kikomo kinafikiwa mchanga unapofika kina cha sentimita 33 hivi, na mawe yanapofika sentimita 39. Mwambie mwenye tela mchore pamoja mistari ya rangi ndani ya bodi: mchanga usipite sentimita 30, mawe yasipite 35. Akiona kwamba mkodi mwenyewe amependekeza kikomo kinachoonekana kwa macho, ana sababu ya kulegeza. Mkubaliane pia mzigo usambazwe vizuri, na sehemu kubwa kidogo iwe mbele ya ekseli ikiwa tela lina ekseli moja, kwa kuwa tela lililolemewa nyuma huinua kiungo na kuyumba.

La nne ni muda. Tuseme kodi ni shilingi 60,000 kwa siku. Umelichukua tela Jumamosi saa nne asubuhi na kulirudisha Jumatatu saa nne asubuhi. Ni siku ngapi? Ukihesabu saa 24, ni siku mbili, sawa na shilingi 120,000. Ukihesabu majina ya siku, ni tatu, sawa na shilingi 180,000. Ugomvi mwingi wa aina hii unatokana na kutouliza hesabu mapema, na dhuluma haimo ndani yake. Andikeni saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Andikeni pia mvua ikikata barabara itakuwaje: nusu kodi, bila kodi, au kodi kamili. Sisi tunaoishi kwenye udongo wa mbuga tunajua kwamba mvua ya saa moja inaweza kulizamisha tela kwa siku tatu.

La tano ni dhamana. Mwenye tela ana haki ya kuomba amana ya fedha, wadhamini, na nakala za vitambulisho. Lakini nawasihi, ndugu zangu: msiache hati ya hakimiliki ya kimila wala hati ya nyumba kwa ajili ya tela la siku mbili. Hizo ni mali za familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inalinda haki za kaya katika ardhi. Ukiacha hati yako kwa njia hiyo, wewe unapata usumbufu wa kuirudisha, na mkeo au mumeo anapata mshtuko. Kitambulisho cha Taifa nacho toa nakala, ubaki na cha asili. Badala ya hati, pendekeza amana ya fedha itakayorudishwa, au wadhamini wawili wanaojulikana kijijini, au barua ya AMCOS yako. Andikeni amana itarudishwa ndani ya siku ngapi, na inaweza kukatwa kwa sababu zipi.

Fungu la tatu: masharti ya kukataa

Yapo masharti yanayompa mkodi dhambi za mwingine. La kwanza husema, kwa namna moja au nyingine, “uharibifu wowote ni wa mkodi.” Sheria ya Mikataba imegawa wajibu huu kwa uwazi. Mkodi anatakiwa kuitunza mali aliyokabidhiwa kama mtu mwenye busara ya kawaida angelitunza lake. Mwenye mali naye anatakiwa kumweleza mkodi kasoro zilizomo, na anapokodisha kwa malipo, anawajibika kwa madhara yanayotokana na kasoro hizo hata kama mwenyewe hakuzijua. Tairi lililokuwa limechakaa likipasuka, au kiungo kilichokuwa na ufa uliofichwa na rangi kikikatika, mwenye tela hawezi kusema tu “lilikuwa mikononi mwako.” Sharti linalofaa ni hili: “Mkodi atalipa uharibifu uliotokana na uzembe wake au matumizi yaliyokatazwa.” Pendekeza maneno hayo. Mwenye tela mkweli hatayakataa.

La pili ni adhabu zisizo na uwiano, kama vile “ukichelewa siku tatu, unalipa bei ya tela jipya.” Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa likivunjwa sharti, mdai hupata fidia inayofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Mahakama itatazama hasara halisi. Hata hivyo, usivunje mkataba kwa kutegemea mahakama. Kuchelewa bila taarifa ni kosa lako, na kodi ya siku za ziada ni halali yake, kwa sababu huenda mwingine naye alikuwa analisubiri tela hilo.

La tatu ni sharti la kusaini karatasi tupu, au karatasi ya lugha usiyoielewa. Mkataba ni ridhaa, na ridhaa haipatikani kwa maandishi usiyoyajua. Omba usomewe kwa Kiswahili mbele ya shahidi uliyemleta wewe. Ukiona kampuni inawawekea wateja wote karatasi moja yenye masharti ya ukandamizaji, ofisi ya biashara ya Halmashauri ipo kukupokea, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa Tume ya Ushindani jukumu la kuwalinda walaji.

Namna ya kukabidhiana

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla tela halijaondoka, lizungukeni pamoja, wewe na mwenyewe. Tazameni matairi pande zote na tairi la akiba, njugu za magurudumu, kiungo na pini yake, mnyororo wa usalama, taa na viakisi mwanga vya nyuma, kufuli za bodi, na sakafu. Pigeni picha kwa simu, na kila mmoja abaki na nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo picha yenye tarehe na ujumbe wa simu vinaweza kuwa ushahidi. Lipa kwa njia inayoacha alama, kama benki au simu, na udai risiti.

Mkataba wenyewe hauhitaji maneno ya kizungu wala kurasa kumi. Ukurasa mmoja unatosha, wenye mambo haya: majina na anwani za pande mbili, namba ya usajili wa tela, uzito unaoruhusiwa, aina ya mzigo, njia itakayopitwa, saa ya kuchukua na kurudisha, kodi, amana, nani analipa nini likiharibika, na mahali pa kusuluhishia. Saini za pande zote mbili na mashahidi ziwepo. Mkataba utakaotumika mahakamani unatakiwa uwe umelipiwa ushuru wa stempu, jambo ambalo ofisi ya TRA au wakili anaweza kuwaelekeza.

Mkigombana, anzeni kwa mtendaji wa kijiji au kata. Baraza la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi, nalo halina gharama kubwa. Likishindikana, Mahakama ya Mwanzo iko wazi. Kulishikilia tela la mtu kama mateka kwa kuwa hajarudisha amana, au kumtumia mtu vijana wa kumtisha, ni kugeuza dai la fedha kuwa kesi ya jinai.

Neno kwa wamiliki, na neno kwa Halmashauri

Wamiliki wa matela, msidhani kwamba nimekuja kuwafundisha wateja kuwashinda. Mkodi anayejua masharti na sababu zake ndiye atakayelirudisha tela lenu zima. Sharti lisiloelezwa huvunjwa mbali na macho yenu, kwenye njia ya machimbo, usiku. Lililoelezwa lina nafasi ya kuheshimiwa. Bandikeni masharti yenu ukutani kwa Kiswahili cha maandishi makubwa, kila moja na sababu yake ya mstari mmoja. Na yale msiyo na sababu nayo, yafuteni.

Kwa upande wa Halmashauri, naleta mapendekezo matatu mbele ya waheshimiwa madiwani. La kwanza, ofisi ya sheria iandae mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, upatikane bure katika kila ofisi ya kata. La pili, maafisa ugani waingize hesabu ya uzito wa mizigo katika mafunzo yao kabla ya msimu wa mavuno. La tatu, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vihamasishwe kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ili vinunue matela na kuyakodisha kwa masharti ya haki. Mahali palipo na tela moja tu, mwenye nalo huweka masharti apendavyo. Yakiwapo matano, masharti yenyewe hujirekebisha.

Ndugu Mwenyekiti, msimu wa mavuno hauko mbali. Nawaomba wote waliopo hapa wafanye jambo moja kabla haujafika: wenye matela wayapitie masharti yao, na wakodi waende kuyasoma sasa wakati hakuna haraka, waulize, wajadili na waandikiane. Mkataba uliojadiliwa mwezi mmoja kabla ya mavuno huwa na utulivu ambao hauwezi kupatikana magunia yakiwa yamelowa.

Nipo tayari kwa maswali.